Kwako, binti wa khalati yangu: habari ya kile kifinjani

Ndugu yangu,

Siku ya hitima ya Mama ulinipa mkono macho yako yakiwa kwenye mkeka. Ukakaa karibu na mlango, ukaonja halua, kisha ukasema mashua ya Faza haingoji, maji yatakupwa kwenye mkondo wa Mkanda. Kahawa nilikuwa hata sijamaliza kuipitisha. Meseji zangu huzijibu, basi naandika hapa. Mtu atakusomea.

Nilimwona binti yako. Mabega yako yale yale. Ana miaka 15, na hilo ndilo lililonifanya nishike simu usiku huu.

Zungumza naye mapema. Siku hizi nauza dawa, na wasichana wanakuja wamejifunika ninja kama nilivyojifunika mimi siku ile, wananong'ona, "nipe kile." Nawaita nyuma ya kabati. Nawaambia kipimo kinatafuta homoni ya mimba kwenye mkojo, na siku za mwanzo homoni hiyo ni kidogo mno. Ngoja siku zako zipite kwanza. Tumia mkojo wa asubuhi, kabla hujanywa maji mengi. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye paketi. Mstari mmoja pale juu unaonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Wa pili ukitokea, hata hafifu, ni mimba. Usipotokea na damu bado haijaja, rudia baada ya wiki. Na asiyekuwa na wa kumwambia nyumbani, nampa namba ya simu 116, ya kusaidia watoto, haina malipo.

Sasa ipime mwenyewe siku yetu ile ya 2010. Ulikuwa umepitisha siku mbili tu. Ilikuwa baada ya alasiri, na ulikuwa umekunywa birika zima la maji kwa sababu mkojo ulikataa kutoka kwa hofu. Choo cha juu, komeo limefungwa, mimi nimeshika kifinjani cha Mama chenye ukingo wa dhahabu kwa sababu hatukupata chombo kingine. Nikachovya. Mstari ukaja mmoja. Mama akaita kutoka chini, nikasema, "Hamna kitu," ukanikumbatia na mikono yako bado ina maji. Ningejuaje? Nilikuwa na miaka 17 kama wewe. Muuza dawa alichukua shilingi mia yangu bila kuniangalia usoni, hakunieleza neno. Sikukudanganya. Kipimo kilifanywa mapema, na mkojo umejaa maji.

Miezi minne baadaye ulikuwa ukianika nguo darini, upepo wa kusi ukalibana dera tumboni, na Mama akaona.

Mengine yaliyofuata sitayabeba mimi. Aliyekupa mimba alikuwa mtu mzima mwenye mashua yake, wewe ulikuwa mtoto kisheria. Sheria ya Makosa ya Ngono hapa Kenya ilikuwepo tangu 2006, na katika kile kikao cha familia jina lake halikutajwa hata mara moja. Shule ilipokufungia mlango, sera ya kuwarudisha wasichana waliozaa ilikuwepo tangu 1994. Nani kwetu aliijua? Mwongozo wa 2020 wa kuwarudisha shuleni nimewachapishia mama wawili hapa mtaani, wakaenda nao kwa mwalimu mkuu. Kliniki hukuiona mpaka mwezi wa saba wa mimba, presha imeshapanda, na wasichana wadogo ndio wanaoandamwa zaidi na kifafa cha mimba. Usiku ule ulipovushwa kutoka Faza umelala kwenye mashua, mimi sikulala. Hukuniuliza kamwe kama nililala. Nilipotuma pesa za mtoto ulizirudisha, mara mbili, gharama ya kutuma ukalipa wewe.

Lakini najua si mstari unaonichukia kwa ajili yake.

Ni kile kikao. Ami amekaa kitandani, mamako analia ndani ya leso, wanakuuliza kwa nini umenyamaza miezi yote hiyo. Ukanyoosha kidole, ukasema, "Nilijipima. Muulizeni huyu, ndiye aliyenunua, ndiye aliyeniambia sina." Wote wakanigeukia. Nami nikasema sijui unazungumza nini.

Nilisema mara mbili. Mara ya pili niliapa.

Ukaniangalia bila kulia. Alfajiri wakakupeleka gatini, na nyumba nzima ikabaki ikijua kwamba wewe ni mwongo pia.

Wiki iliyopita nilifungua kabati la Mama kugawa vyombo. Vifinjani ni vitano. Miaka yote alikuwa akiniuliza cha sita kiko wapi, nami nikisema kilivunjika. Hakikuvunjika. Asubuhi ile nilikifunga kwenye leso, nikatembea nyuma yenu mpaka gatini, na mashua yenu ilipotoka nikakitumbukiza majini. Mama alikuwa amesimama pale juu kwenye ngazi. Sidhani kama hakuona.

Hivi vitano nimekuwekea.