Majani Yale Yale, Maji ya Tano

Guangzhou, China

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na mvua za Rungwe zinawaachia nafasi ya kuchuma. Mimi sijambo, kazi ya ghalani inaendelea vizuri, na ile homa imekwisha.

Nilipokwambia kwenye simu kwamba huku tunatia maji mara saba juu ya majani yale yale, ulinyamaza. Najua uliwaza nini. Kwetu mgeni akipewa chai ya majani yaliyokwishatumika, anajua nyumba imeishiwa au hakutakiwa. Lakini hapa hiyo ndiyo heshima yenyewe, na wewe uliyelea watoto kwa chai unastahili kujua sababu.

Mwenye ghala ni mzee wa Chaozhou, mashariki mwa jimbo hili la Guangdong. Asubuhi, kabla mizigo haijaanza kuingia, anachukua kibakuli chenye kifuniko, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, na kutia gramu 7 au 8 za majani mazima yaliyosokotwa. Anamimina maji yanayochemka na kuyamwaga papo hapo juu ya vikombe ili vipate moto. Kisha anatia mengine, anangoja kama sekunde 10, na kumimina. Vikombe ni vitatu tu hata tukiwa watano. Anayemaliza, chake kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinampokea mwingine, wakubwa kwanza.

Maji ya kwanza yananukia zaidi ya yanavyokolea. Ya tatu na ya nne ndiyo chai hasa: rangi ya asali, ukali kidogo ulimini, halafu ukishameza utamu unapanda kooni, na sukari haimo kabisa. Kila mara anayaacha majani yakae zaidi kidogo, hadi mwishoni dakika 2. Anayefika kwenye maji ya tano hukaribishwa kwa furaha, na haambiwi asubiri majani mapya.

Sasa sikiliza, Mama, maana hapa ndipo panaponigusa. Mti ni ule ule unaouchuma wewe. Tofauti iko kiwandani. Viwanda vingi vya kwetu vinatumia mashine za kukata, kurarua na kusokota, zilizobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Jani linatoka punje punje, na likiguswa na maji linatoa karibu kila kitu kwa mara moja. Ndiyo maana chai yetu inakolea upesi na kuhimili maziwa, na ndiyo maana ukiirudia unapata maji ya rangi tu. Jani zima halitoi hivyo. Linajikunjua polepole, na kila maji yanafika mahali ambapo yaliyotangulia hayakufika.

Tena, kwa chai za aina hii wanachuma majani matatu hata manne yaliyokwisha kukomaa kidogo. Nilikumbuka jinsi karani wa kituo cha kupokelea majani anavyochambua kikapu chako na kuyatupa pembeni yaliyozidi mawili na chipukizi! Siku moja mzee alinipa yaliyokwisha kunyweka niyatazame. Nililikunjua moja kwa kidole juu ya sinia: refu, zima, na kikonyo chake, katikati kijani, kingo zimegeuka wekundu wa kutu. Ungeweza kusema limechumwa tawi gani la mti.

Jambo moja usilipuuze. Majani yanarudiwa katika kikao kile kile, yakiwa bado ya moto. Yaliyolala usiku mzima yamekwisha kuanza kuharibika. Hayo yanakwenda bustanini.

Nina ombi. Siku ya mapumziko, mdogo wangu achume kikapu kidogo cha majani laini. Ayatandaze kivulini hadi yalegee kabisa, ayafikiche kwa viganja juu ya mkeka hadi yatoe unyevu, ayafunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu saa chache hadi yageuke rangi ya shaba na kunukia kama matunda, kisha ayakaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, akigeuza bila kuchoka. Hayatafika maji saba. Lakini mawili au matatu mazuri nina hakika yatatoka, na itakuwa mara ya kwanza kwako kunywa chai ya shamba lako bila kupitia kwa mtu.

Mwezi ujao kuna mtu wa Mbeya anarudi nyumbani. Nimempa pakiti ya chai ya mlima Fenghuang, ulioko huko huko Chaozhou. Iweke mbali na jiko, isinyonye moshi, na tafadhali usiichemshe na maziwa. Baba aonje maji ya kwanza na ya nne, kisha mniambie kila mmoja amependa yapi.

Msalimie shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye