Shangazi, nimeambiwa nimempimia shemeji yangu bei kama nyanya

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri, niko jikoni, taa nimezima ili mwanga usifike chumbani. Huu usiku wa nne sijalala. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanilaumu, maana kulaumiwa nimeshalaumiwa na ukoo mzima, na kosa langu ni kuuliza bei.

Kuuliza bei tu, Shangazi. Sijatukana mtu, sijamnyima mtu chakula, sijatoka nje ya ndoa.

Bima ya gari yetu inaisha tarehe 28. Kila mwaka inakwenda hivi: shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye wakala wetu. Anakuja Jumapili, anakula, mume wangu anamtumia hela kwenye simu yake, jioni unaingia ujumbe wa "Tayari kaka" na karatasi ya bima kwa WhatsApp. Mwaka umekwisha. Trafiki akitusimamisha anaangalia kwenye mfumo, anaona bima iko hai, anatupungia mkono. Ya nyumba nayo anakata yeye tangu tulipomaliza deni la benki, kwa sababu wakati wa mkopo benki ndiyo ilikuwa inalazimisha.

Mwaka huu ada ya shule ya wa kwanza imepanda, nikamwambia mume wangu, hivi tusiulize na kwingine? Akacheka. Nikachukulia amekubali. Yeye anasema hakukubali. Lakini Shangazi, nusu ya hiyo hela inatoka kwenye mshahara wangu, na nikienda kununua kitenge napita maduka manne, hakuna anayeniita msaliti.

Jumamosi baada ya kikoba nikaenda mjini. Nikapita benki ninakopitishia mshahara, siku hizi nao wanauza bima. Nikapita kampuni moja, halafu nikaishia kwa dalali wa bima, mzee mmoja mtaratibu sana. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba wakala anaiwakilisha kampuni, dalali anamwakilisha mteja. Mimi nilidhani ni kitu kimoja.

Na nikwambie ukweli, bei nafuu sikuipata. Kote nilikopita walinipigia hesabu ile ile: gari lako ni IST ya milioni 14, bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika au likiibwa, ni asilimia 3.5, hiyo ni 490,000, ongeza VAT 88,200, jumla 578,200. Ndicho tunachomtumia shemeji, bila shilingi kuzidi. Kwa hiyo yule anayesema nilikwenda kutafuta vya rahisi, hajui anachosema. Kilichotofautiana ni vya ndani: eksesi, yaani kile unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, ni kiasi gani, kioo kikipasuka wanalipa mpaka wapi, fujo za mtaani zimo au hazimo, mafuriko yamo au hayamo.

Mafuriko, Shangazi. Unakumbuka zile mvua za Aprili 2024. Sisi tuko upande wa bondeni huku Tabata, maji yalifika magotini sebuleni, godoro la watoto likaelea, ukuta wa nyuma ukalala chini wote. Shemeji akatuambia bima ya nyumba ni ya moto, maji hayahusiki. Tukaamini, tukakopa, tukajenga. Sasa yule mzee ananiuliza, "Mama, mliambiwa kwamba mafuriko yanaweza kuongezwa kwenye mkataba mkilipia kidogo?" Hatukuambiwa. Akaniuliza nyumba tumeiandikisha kwa kiasi gani, nikasema milioni 40, hiyo naikumbuka. Akaniuliza kuijenga upya leo kuanzia msingi ni kiasi gani, siyo kuiuza, kuijenga, kwa sababu kiwanja hakiungui. Nikasema haipungui milioni 80. Akachukua karatasi, akachora nyumba, akaikata katikati kwa kalamu: "Basi ninyi mmekatia bima nusu nyumba. Likiungua jiko la milioni 10, watawalipa 5." Ile karatasi ninayo hapa kwenye pochi.

Akasema niletee mkataba wenyewe wa gari na wa nyumba nikulinganishie kifungu kwa kifungu. Mkataba! Miaka sita sijauona. Nikamwambia uko kwenye simu ya mume wangu. Nikamwachia namba ya mume wangu, kwa sababu kadi ya gari ina jina lake. Hapo ndipo nilipokosea, nakubali.

Jumapili tuko kwa mama mkwe, wote tumekaa mkekani, simu ya mume wangu inaita. Ni kijana wa ofisi ya yule mzee. Mume wangu ameweka sauti ya nje kwa sababu mikono ina mafuta ya samaki. "Tunakupigia kuhusu bima ya gari, mama alikuja jana kulinganisha bei." Na shemeji yuko pale pale, Shangazi, anamkatia mwanangu chungwa. Kisu kikasimama.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema mbele ya mama yake, mbele ya mawifi zangu wawili, mbele ya watoto: "Umeenda kumpimia mdogo wangu bei kama nyanya."

Kama nyanya. Miaka kumi na tatu ya ndoa. Mimi niliyemwosha mama yake alipovunjika nyonga, leo naambiwa namgeuzageuza mtoto wao kama nyanya ya gengeni. Mama mkwe akasema damu haiulizwi bei. Wifi mkubwa akanyanyuka akaenda kukaa nje. Shemeji hakusema kitu. Alimalizia lile chungwa, akamwekea mwanangu mkononi, akasema, "Shemeji ana haki yake jamani." Akanifanya nijisikie vibaya kuliko wote.

Maana shemeji ni mtu mwema, naomba ulijue hili. Nilipojifungua wa pili mume wangu akiwa safarini, yeye ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali. Baba yangu alipofariki alikwenda kaburini tangu alfajiri, akashika jembe kama mtoto wa kuzaliwa. Alipoachishwa kazi akaanza hii ya uwakala, sisi ndio tuliokuwa wateja wake wa kwanza, na mimi ndiye niliyesema tumpe.

Jumatatu nikaamua kumaliza ugomvi. Nikasema nitakwenda kwenye ile kampuni ambayo shemeji anaiwakilisha, nichukue nakala ya mkataba wetu, nimpelekee mume wangu nimwambie, tazama, nimeona mwenyewe, yetu ni nzuri kuliko za wengine, nisamehe. Ndiyo nia yangu, Mungu shahidi. Namba ya gari nilishaiingiza kwenye ule mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki bima, ikaonyesha bima ipo na jina la kampuni ni lile lile. Nikafurahi. Jumanne nikaomba ruhusa kazini nikaenda, na nakala ya kadi ya gari mkononi.

Binti wa kaunta akaingiza namba. Akaniuliza, "Unataka nakala ya bima ndogo hii, ya kufidia watu wengine tu?" Nikamwambia hapana mwanangu, yetu ni kubwa. Akaangalia tena. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jina la mume wangu, namba ya gari, na kiasi kilicholipwa: 118,000.

Nikamwambia rudi nyuma mwaka jana. 118,000. Mwaka juzi, 118,000.

Sikuomba arudi zaidi. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kituo cha daladala mpaka magari matatu ya Tabata yakanipita. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la mwanangu: 578,200 toa 118,000, inabaki 460,200. Mara tatu ni 1,380,600. Na hiyo ni miaka mitatu niliyoiona.

Hela siyo inayoniuma, Shangazi. Au inaniuma, sijui. Mwaka jana gari liligongwa ubavuni Barabara ya Mandela na lori lililokimbia. Shemeji alikuja usiku ule ule, akapiga picha, akatuletea na mishkaki. Akatushauri, "Kaka, msidai. Mkidai mnapoteza lile punguzo la kutodai, mwakani mtalipa zaidi. Tengenezeni wenyewe." Tukamshukuru kwa ushauri. Fundi alichukua 850,000, na hiyo ilikuwa hela yangu ya kikoba, yote, mgawo wa mwaka mzima niliokuwa nataka kununulia cherehani. Yule aliyenitazama usoni akaniambia nisidai ndiye huyo huyo aliyenitetea mkekani. Mimi ndiye nimeonekana napima bei.

Ya nyumba sijathubutu kuuliza. Nimepita mlango wa ile kampuni tena Jumatano, sikuingia.

Sasa hali ni hii. Mume wangu analala amenigeuzia mgongo. Chai anakunywa kazini. Jana usiku ndipo aliponisemesha, na alichosema ni kwamba Jumapili tunarudi kwa mama, nitaomba radhi mbele ya wale wale, na hela ya bima ya mwaka huu nimtumie shemeji mimi mwenyewe, kwa simu yangu, ili ajue nimekubali kosa. Ameshaniwekea 578,200. Ziko hapa kwenye simu ninayokuandikia.

Nilitaka kukuuliza namna ya kuomba radhi ili ukoo unielewe. Ndicho nilichokaa kuandika. Sikutaka habari za kushtakiana. Najua TIRA wanapokea malalamiko, najua kuna na msuluhishi wa migogoro ya bima, yule mzee dalali alinieleza bila hata kumwambia kilichonipata. Lakini nikienda huko, shemeji atanyang'anywa leseni, pengine na polisi wataingia, ana mtoto wa miezi minane. Mama mkwe ana presha. Nitakuwa mimi niliyemuua. Sitaki. Nataka tu mtu mmoja katika ukoo huu aseme sikufanya kosa kuuliza. Mume wangu afute lile neno la nyanya mbele ya watoto kama alivyolisema mbele ya watoto.

Lakini nikifikiria afute kwa sababu ipi, sababu ni moja tu, na nikiisema sitapata radhi, nitapata msiba.

Wakati mwingine najiambia nitume hela, niombe radhi, halafu nikope kikoba nikate bima kubwa ya kweli kimya kimya. Kila nikifikia hapo nakumbuka kadi ina jina lake, hata nikikata, siku ya kudai ni yeye anayetakiwa kwenda na karatasi za trafiki. Wakati mwingine najiambia nimvute shemeji pembeni, nimwonyeshe nilichoona, arudishe taratibu, pasijue mtu. Atarudisha kwa kipi? Na nikishakaa naye kwenye siri, nitakuwa tofauti gani na yeye mbele ya mume wangu?

Halafu kuna hili ambalo ndilo linalonikalisha jikoni. Kila siku saa kumi na moja na nusu mume wangu anatoa gari, anapeleka watoto shule, anaendelea mpaka Bagamoyo kazini. Anaamini likiibwa atalipwa, likipinduka atalipwa. Likigonga mtu, huyo mtu atafidiwa, hiyo bima ndogo inafanya. Letu likiisha, limeisha. Yeye hajui, mimi najua. Namfungulia geti nikiwa najua, namwambia nenda salama, na hanijibu kwa sababu ya nyanya.

Nimwambie, Shangazi? Na nikimwambia, nimwambie usiku huu tukiwa wawili, au nimwachie aende mwenyewe kwenye ile kaunta aone kwa macho yake, maana mimi akinisikia atasema nimetunga ili nishinde? Sina karatasi, nina nilichoona tu. Yule binti sikumwomba anichapie, mikono ilikuwa haina nguvu.

Usiniambie niwe mvumilivu. Na usiniambie niondoke, sina nia ya kuondoka, mume wangu nampenda.

Nasikia alamu yake. Jumapili ni keshokutwa. Tafadhali nijibu kabla, hata kwa maneno mawili, nijue hii hela niibonyeze au nisiibonyeze.

Mke wa kaka mkubwa,
Tabata, Dar es Salaam