Kuabiri si kupanda

Mhariri,

Katika habari za ajali zinazoandikwa na kusomwa hapa Kenya kuna kitenzi kinachopoteza maana ya habari yenyewe: kuabiri. "Abiria walikuwa wakiabiri matatu ilipogongwa na lori." Je, matatu ilikuwa imesimama stejini, mtu ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango, kondakta akihimiza wengine waingie? Au ilikuwa mwendoni, watu wameketi? Tofauti hiyo ni kubwa. Kugonga gari lililosimama ni jambo moja, magari mawili yaliyo mwendoni kugongana ni jingine, na msomaji ambaye ndugu yake alikuwemo anastahili kujua ni lipi lililotokea.

Abiri lina asili ya Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya kuvuka. Mtu anayetoka kisiwani Mombasa kwenda Likoni anaabiri tangu feri inapoondoka hadi inapofika ng'ambo. Kule kuingia kwenye feri ni kupanda tu. Kutokana na abiri tukapata abiria, yaani mtu anayechukuliwa na chombo bila kuwa na kazi ndani yake. Ndiyo maana dereva na kondakta hawahesabiwi miongoni mwa abiria. Neno hilo lilihamia barabarani kama lilivyohamia nauli, ambayo nayo ilianza kama malipo ya chombo cha baharini. Kwa hiyo hatuna ugomvi na anayesema ameabiri basi kutoka Voi hadi Nairobi. Tunachokataa ni kulifanya abiri kuwa panda lililovishwa nguo za sherehe.

Wala abiri si safiri. Kuabiri kunahitaji chombo. Kusafiri hakukihitaji, kwani mtu husafiri hata kwa miguu au kwa punda. Lakini kusafiri kunataka umbali. Aliyekwenda sokoni akarudi kabla ya adhuhuri hakusafiri, ingawa matatu iliyompeleka huhesabiwa safari zake, sita au nane kwa siku. 

Kuna na kasoro ndogo zinazoandamana na hii. Husemwa kusafiri kwa basi, si na basi, kwa sababu basi ni njia ya kwendea, si mwenzako wa safari. Gari lenyewe likitajwa, kitenzi kichukue -ia: "basi walilosafiria", si "basi walilosafiri". Na abiria ni mmoja, abiria ni wengi, "maabiria" halipo.

Sentensi ile ya ajali basi ingeandikwa hivi: "Abiria walikuwa wakipanda matatu stejini ilipogongwa na lori." Au, kama ilikuwa njiani: "Matatu waliyosafiria iligongana na lori."

Wasomaji wako,
Mombasa