Betri kwanza, mipangilio baadaye

Kirumba,
Mwanza.

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kirumba, ambako sote hatujambo. Barua yako nimeipata. Kwa kuwa kila umeme ukikatika hapo Nansio, kisiwani Ukerewe, kompyuta yako hurudisha tarehe nyuma miaka mingi na kuupoteza mpangilio wa kuwaka uliouweka, yaani ule wa diski ya kuanza nayo, sioni faida ya kuupanga upya kabla hujabadilisha betri.

Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ndani ya kompyuta, utaona betri bapa mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, ambayo ndiyo hutunza saa na mipangilio umeme wa ukutani unapokosekana. Ikiisha nguvu, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Na tarehe ikishaharibika, tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kama havijaanza kutumika. Chomoa waya ukutani, maana kuzima tu hakutoshi, fungua kasha la kompyuta, gusa chuma chake, kisha sukuma kishikizo kidogo cha pembeni, nayo betri itainuka yenyewe. Mpya ikae na alama ya kujumlisha ikitazama kule kule ilikotazama ya zamani.

Ukiwasha, kwa kuwa yako ni Dell, gonga F2 mfululizo kabla nembo haijapotea, uingie kwenye mipangilio. Sahihisha tarehe na saa, itangulize diski yenye Windows, hifadhi, utoke. Penye uchaguzi wa UEFI na Legacy, yaani njia mpya na ya zamani ya kuwasha kompyuta, ukiisha kurudisha ulivyokuwa siku Windows ilipowekwa, usipaguse tena, kwani iliyowekwa kwa njia moja kwa kawaida haiwaki kwa nyingine, na utaambiwa hakuna diski ya kuwashia ilhali diski ni nzima. Wapo wanaopenda kompyuta ijiwashe umeme unaporudi. Mimi, kwa jinsi umeme wetu unavyorudi na kukatika tena kabla haujatulia, nakushauri sehemu ya AC Recovery, inayoamua hilo, ibaki kwenye Power Off, yaani ikae imezimwa.

Ama ile flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, unayotaka kuijaribu, kwa kawaida haihitaji kubadili mpangilio wowote wa kudumu: gonga F12 wakati wa kuwasha, uichague kwenye orodha, na uteuzi huo utakuwa wa mara hiyo tu.

Mafundi saa huwa na betri hizo. Ukizikosa hapo Nansio niarifu, nikutumie kwa meli.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rafiki yako wa Kirumba