Barua kwa mwanangu: ikague 4294967297 kwa mkono

Mwanangu mpenzi,

Iandike kwanza kwenye karatasi: 4294967297. Ni 2³² + 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, maana wadogo zake wa umbo hilohilo (2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, wote ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa siyo.

Usianze kugawanya ovyo. Kipeuo chake cha pili ni 65536 na chembe, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542. Utachoka bure. Euler aligundua kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Baadaye Édouard Lucas akabana zaidi: hata kwa 128 kinabakiza 1. Basi panga: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa hapo ni mbili tu. 257 inaacha baki 2, iweke kando. Imebaki 641.

Hapa ndipo penye utamu. Namba nzima usiiguse, fuata mabaki tu. 2⁸ ni 256. Zidisha 256 kwa 256, upate 65536. Toa 641 mara 102, yaani 65382, inabaki 154. Zidisha 154 kwa 154, upate 23716. Toa 641 mara 36, yaani 23076, inabaki 640. Umeshafika 2³². Ongeza ile 1: 641 kamili, hakuna baki!

Wengi hukosea kwa kusahau wamefika kipeo gani. Kila unapozidisha namba kwa yenyewe, kipeo kinakuwa maradufu: 8, 16, 32. Kiandike pembeni ya kila mstari.

Kigawo cha pili ni 6700417. Nacho ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, kwa hiyo wa kujaribu ni 641, 769, 1153 na 1409 peke yao. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, basi ni tasa.

Ukitumia kompyuta, angalia ukubwa wa nafasi. Biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, zinaishia 4294967295. Namba yetu ikiingizwa humo na ziada ikakatwa, inasomeka 1, na kila hesabu inayofuata inaharibika. Tumia biti 64.

Na hiyo 4294967295 usiipite hivihivi. Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, wale wadogo watano wamezidishwa pamoja. Kwa kanuni ya Carl Friedrich Gauss, umbo lenye idadi hiyo ya pande, zote sawa na pembe zote sawa, linaweza, kinadharia, kuchorwa kwa rula na bikari. Ongeza pande mbili tu, haliwezekani tena: 641 imeingia kati, nayo si mmoja wa wale wadogo watano.

Mama yako