Mauaji ya Rwanda yaliyakuta makanisa ndani ya siasa

Mhariri,

Kila Aprili, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 inapowadia, magazeti yetu husimulia habari za makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, ambamo Watutsi waliokimbilia humo waliuawa kwa wingi, kana kwamba balaa liliwavamia waumini kutoka nje na viongozi wa dini wakakosa tu nguvu ya kulizuia. Naomba nafasi nieleze kwa nini simulizi hiyo haitoshi, nikitegemea utafiti wa Timothy Longman, msomi wa Marekani wa sayansi ya siasa, ambaye alifanya utafiti Rwanda kabla ya mauaji, akarudi baadaye kufanya kazi na shirika la Human Rights Watch mjini Butare, na mwaka 2010 akatoa kitabu kuhusu Ukristo na mauaji hayo.

Hoja yake ni kwamba makanisa yenyewe yalikuwa sehemu ya utawala. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Vijijini, kanisa ndilo lililoshika shule, zahanati, ajira na misaada ya wafadhili, hivyo aliyegawa neema hizo aliogopwa kama anavyoogopwa mkuu wa serikali. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1991, wananchi walianza kuwahoji wakubwa wa serikali na wa kanisa kwa pamoja, na wengi wa wakubwa hao wakaikimbilia chuki ya kikabila ili walinde nafasi zao.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa parokia mbili za Kipresbiteri katika eneo la Kibuye. Kirinda palikuwa kituo kikongwe cha misheni chenye hospitali na shule, na wakubwa wa kanisa walishirikiana kwa karibu na wakubwa wa siasa. Baadhi yao walisaidia kupanga mauaji ya majirani zao. Biguhu, ambako kanisa lilikuwa limejishughulisha na wakulima maskini, wauaji walitoka nje kwa sehemu kubwa. Watutsi wa Biguhu waliuawa vilevile, na Longman hafichi jambo hilo, lakini tofauti ya nani aliyeshika panga ni kubwa mno kupuuzwa.

Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu padri Athanase Seromba kifungo cha maisha mwaka 2008 kwa kushiriki kuliangusha kanisa la Nyange kwa tingatinga, Watutsi wapatao 1,500 wakiwa ndani. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ila mahakama humhukumu mtu, haiuhukumu utaratibu uliomzoeza kuisikiliza serikali kuliko waumini wake.

Sisi Wakenya hatuko mbali na habari hii. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, na mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe. Nilifurahi sana. Hata hivyo, harambee za wanasiasa makanisani zinaendelea, na uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja. Naliomba gazeti lako lianze sasa kuchapisha, Jumatatu kwa Jumatatu, ni mwanasiasa yupi aliyetoa fedha, kiasi gani, katika kanisa gani, na alipewa maikrofoni aseme nini.

Msomaji wako,
Eldoret