Bia mbili za Daudi na bia mbili zako

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata, na malalamiko yako pia. Unasema kwenye sendofu mlikunywa bia mbilimbili wewe na binamu yako Daudi, nyote mna kilo 60, halafu wajomba wakampa yeye funguo za gari na wewe ukaambiwa ukae nyuma "kwa kuwa ni mtoto wa kike". Kukasirika ni haki yako, maana wajomba zako hawakuwa na hoja zaidi ya mazoea. Ila hoja ipo, na haihusu adabu wala ujasiri.

Kilevi hukaa kwenye maji ya mwili, mafuta hayakipokei. Mwanaume kwa kawaida ana maji karibu asilimia 60 ya uzito wake, mwanamke kati ya 50 na 55, kwa sababu mwili wake una mafuta zaidi na misuli pungufu. Kijiko kilekile cha chumvi, sufuria mbili, moja ina maji kidogo: mpishi ni wewe, jibu unalo. Mswidi mmoja, Erik Widmark, aliliwekea jambo hili hesabu miaka ya 1930, na bado inatumika.

Nimekupigia hesabu hiyo. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 20. Mbili, 40. Saa mbili baadaye damu ya Daudi ingesoma karibu miligramu 70 za kilevi katika mililita 100 za damu, yako karibu 95. Kikomo cha sheria hapa Tanzania ni 80. Mngepimwa na trafiki, Daudi angeruhusiwa aende zake, wewe ungelala kituoni. Ni makadirio, bila shaka. Mlichokula na mwendo wa kunywa vinabadilisha.

Usimwonee wivu lakini. Daudi naye hakustahili zile funguo. Nimefundisha udereva miaka mingi, na ninavyojua mimi, pombe haianzi na miguu. Mwenye bia moja atatembea juu ya mstari bila kuyumba na gia ataingiza vizuri. Mpeleke kwenye kilima, lori limemganda nyuma, bodaboda anachomoka kushoto: hapo anatakiwa abalansi klachi, aangalie kioo na aamue, vyote kwa pamoja. Kimoja kitaachwa, na mara nyingi ni kioo. Kiwango kikipanda zaidi ndipo inaguswa serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayopima mwendo wa viungo, na mkono unaanza kupitiliza pale ulipolenga.

Kwa hiyo mtu akikwambia mikono ya mwanamke ni dhaifu, mkatalie. Damu zikisoma sawa, tofauti kati yenu inakuwa ndogo, na majaribio yenyewe hayakubaliani. Kinachowatenganisha ni jinsi bia ileile inavyokufikisha wewe juu mapema.

Linaloniogopesha zaidi ni lile neno lenu vijana, "sasa nimeshuka". Mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwamba kwa kiwango kilekile cha kilevi kwenye damu, ulevi huonekana zaidi kikiwa kinapanda kuliko kikiwa kinashuka. Wengine waliofuata wakaona kwamba mtu hujisikia mzima kabla uendeshaji wake haujarudi. Saa nane za usiku unajiona uko sawa, unawasha gari, na mguu wa breki bado unachelewa. Kahawa itakukodolesha macho tu, haipunguzi kitu kwenye damu.

Harusi yenyewe ni Jumamosi. Gari liache kwa shangazi yako Tabata. Nimekutumia hela ya teksi kwenda na kurudi, yako na ya Daudi. Nimeshampigia, amenuna. Mama yako anauliza kama kile kitenge kimefika kwa fundi, maana anasema safari hii hataki mikono mirefu.

Baba yako